Kuanzisha, kusimamisha na kufunga breki kwenye variateri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mafundi wa Lubumbashi

Maswali haya hurudi kila mara kutoka kwa mafundi umeme na wenye mashine wa hapa kwetu: vinu vya mahindi vya Katuba na Ruashi, pampu za visima, winchi za gereji, feni na mikanda ya migodi ya upande wa Likasi na Kolwezi. Majibu yanahusu mota za kawaida za fezi tatu. Namba za parameta zilizotajwa ni mifano ya kampuni chache. Kabla ya kugusa chochote, fungua kitabu cha mashine yako, kwa sababu toleo moja la kampuni ileile linaweza kutofautiana na jingine.

## Ya mwanzo

Variateri ni kitu kimoja na inveta ya sola?

Hapana, ingawa mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita variateri "inveta" pia. Inveta ya sola hutoa volti na Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde) zisizobadilika ili uwashe taa na friji. Variateri hupokea umeme, huugeuza kuwa DC (mkondo wa upande mmoja), huuweka kwenye kapasita, kisha huutengeneza upya kuwa fezi tatu zenye Hz unazotaka wewe. Ndiyo maana inaweza kupandisha na kushusha kasi ya mota polepole.

Shika namba moja, kwa sababu itarudi mara nyingi hapa chini: volti za DC ndani ya variateri ni takriban mara 1.41 ya volti za umeme unaoingia. Ukiingiza volti 380, ndani mna karibu 537. Ukiingiza 400, mna karibu 565.

Kwa nini variateri huanzisha mota vizuri lakini hupiga hitilafu wakati wa kusimamisha?

Kwa sababu mota inayopunguziwa kasi huwa jenereta. Kila kitu kinachozunguka kina nishati, na ukikilazimisha kisimame haraka kuliko kinavyotaka chenyewe, nishati hiyo hurudi kupitia nyaya za mota hadi kwenye kapasita. Variateri ya kawaida haiwezi kuirudisha kwenye mtandao wa umeme, kwa kuwa daraja la diodi la mlangoni hupitisha upande mmoja tu. Kapasita ni debe: likijaa, volti hupanda, na variateri hukata ili isiungue.

Tuhesabu. Chukua kinu ambacho sehemu zake zinazozunguka zina inesia (ukaidi wa kubadili mwendo) ya 2 kg·m², mota ikizunguka mara 1,450 kwa dakika. Nishati iliyomo ni karibu jouli 23,000. Ukisimamisha kwa sekunde 5, wastani wa nguvu inayorudi ni kilowati 4.6, na mwanzoni mwa kupunguza kasi ni maradufu, karibu 9.2. Ukisimamisha kwa sekunde 20, wastani ni kilowati 1.15 na kilele ni 2.3. Msuguano na joto la mota hula sehemu ya nguvu hiyo. Kwa mota ya kilowati 7.5, kilele cha 2.3 mara nyingi huvumilika bila kifaa cha ziada. Kile cha 9.2 hakivumiliki.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sekunde zozote, jiulize nishati hii itaenda wapi. Karibu majibu yote ya ukurasa huu yanatoka kwenye swali hilo.

Kuna njia gani za kusimamisha mota?

Ya kwanza ni kuiachia: variateri inakata umeme, mota inazunguka mpaka ichoke. Ya pili ni rampu, yaani kushusha Hz polepole kwa muda uliowekwa. Ya tatu ni kusukuma mkondo wa DC ndani ya mota. Ya nne ni breki ya mekaniki, ile ya kitambaa na springi.

Kwenye Altivar, variateri za Schneider, uchaguzi huu uko kwenye parameta ya Stt: rMP ni rampu, FSt ni kusimama haraka, nSt ni kuiachia, dCI ni DC. Kwenye ABB ACS355 tazama 2102, kwenye Yaskawa b1-03. Feni na kinu ambacho hakuna mtu anayesubiri kisimame ili akiguse vinaweza kuachiwa. Watu wengi huweka rampu kila mahali kwa mazoea, kisha wanapambana na hitilafu ambazo hazikuwa na sababu ya kuwepo.

## Waya na amri

Niunge vitufe kwa waya mbili au tatu?

Kwa waya mbili, swichi moja ikiwashwa mota inazunguka, ikizimwa inasimama. Kwa waya tatu, kuna kitufe cha kuanzisha unachobonyeza na kuachia, na kitufe cha kusimamisha ambacho hupitisha umeme muda wote hadi kibonyezwe.

Kwenye kinu cha mahindi, msumeno, au mashine yoyote ambayo mkono wa mtu unaweza kuifikia, unga waya tatu. Fikiria umeme umekatika katikati ya kusaga. Kijana anafungua kifuniko atoe mahindi yaliyokwama. Umeme unarudi. Kwa waya mbili swichi bado imewashwa, na kwenye mipangilio mingi nyundo zinaanza kuzunguka na mkono wake umo ndani. Kwa waya tatu hakuna kinachotokea mpaka mtu abonyeze. Faida nyingine ni kwamba waya wa kitufe cha kusimamisha ukikatika au ukilegea, mashine inasimama. Kwa waya mbili zenye mwungano mbaya pia itasimama, lakini inaweza kuanza tena yenyewe mwungano ukirudi.

Waya mbili zinafaa kwa pampu inayoendeshwa na floti ya tangi, kwa kuwa pale tunataka ijiwashe. Kwenye Altivar, tCC huchagua 2C au 3C. Ukibaki na 2C, angalia tCt: ikiwa trn, variateri husubiri swichi izimwe na kuwashwa upya, lakini ikiwa LEL, hali ya swichi pekee ndiyo inayoamua.

Naweza kuanzisha na kusimamisha kwa kontakta ya umeme unaoingia?

Usifanye hivyo kila siku. Kila unapowasha, kapasita hujazwa kupitia sakiti ndogo ya kupunguza mkondo, na sakiti hiyo hupata joto. Kampuni huweka kikomo cha mara ngapi unaweza kuwasha kwa saa. Kinu kinachowashwa na kuzimwa kwa kontakta kila mteja anapofika na beseni lake kitakula variateri mapema. Acha umeme uingie asubuhi, kisha tumia vitufe vya amri.

Kontakta iliyo kati ya variateri na mota ni hatari zaidi. Ukiifunga variateri ikiwa tayari inatoa Hz 50, mkondo huruka kama wa kuanzisha moja kwa moja na variateri hukata, au IGBT zake (swichi za ndani zinazotengeneza fezi tatu) huungua. Kama lazima iwepo, ifunguliwe na kufungwa variateri ikiwa imesimama.

Kitufe cha dharura kiungwe wapi?

Kama variateri yako ina STO (Safe Torque Off), kiunge hapo. STO huondoa nguvu ya kuzungusha bila kupitia programu. Lakini elewa mambo mawili. STO haifungi breki: mota inaachiwa, na kinu chenye uzito kinaweza kuendelea kuzunguka kwa muda mrefu. Tena STO haiondoi volti kwenye nyaya za mota, kwa hiyo si ruhusa ya kufungua kisanduku cha mota. Kwa kazi ya matengenezo kata swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na usome swali la mwisho.

Umeme ukikatika na kurudi, naweza kuiambia ijiwashe yenyewe?

Ndiyo: p1210 kwenye Siemens V20, Atr kwenye Altivar, kundi la 31 kwenye ABB ACS355 kwa kujifuta hitilafu. Fanya hivyo kwa pampu na feni tu, na ubandike onyo kubwa kwenye mashine kwa Kiswahili na Kifaransa.

## Rampu na hitilafu ya volti kupanda

Niweke sekunde ngapi za kusimama?

Anza na kipimo, usianze na kubahatisha. Weka njia ya kuiachia, endesha mashine kwa kasi kamili, simamisha, na uhesabu sekunde inazochukua kusimama yenyewe. Rampu iliyo ndefu kuliko muda huo haitarudisha nishati kabisa. Iliyo fupi kuliko nusu yake ianze kukutia mashaka, na iliyo fupi kuliko robo yake karibu hakika itadai rezista ya breki, ambayo hugeuza nishati inayorudi kuwa joto. Huu ni mwongozo wa fundi, si sheria, kwa kuwa msuguano hautofautiani na kasi kwa namna moja kwenye mashine zote.

Muda wa kushuka ni dEC kwenye Altivar, 2203 kwenye ABB, p1121 kwenye Siemens, 3-42 kwenye Danfoss, Pr.8 kwenye Mitsubishi, C1-02 kwenye Yaskawa. Kumbuka kwamba kwa kawaida muda huo ni wa kutoka kasi ya juu kabisa hadi sifuri. Ukiendesha kwa nusu ya kasi, kusimama kutachukua nusu ya sekunde ulizoandika.

Ninapata ObF, OV au E.OV3 kila ninaposimamisha. Nifanye nini?

Zote tatu zinasema jambo moja: volti za DC zimepita kikomo, ambacho kwa variateri za volti 400 huwa karibu 800. Kwanza ongeza sekunde za kushuka. Kama kazi inaruhusu, iachie mota. Kama huwezi kufanya lolote kati ya hayo, nenda kwenye sehemu ya rezista. Usianze kwa kulaumu kadi ya variateri. Mara nyingi ni nzima.

Nimeandika sekunde 5, lakini mashine inachukua 30. Variateri imeharibika?

Hapana, inajilinda. Variateri nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kidhibiti cha volti ambacho hurefusha rampu volti zinapopanda: brA kwenye Altivar, 2005 kwenye ABB, p1240 kwenye Siemens, 2-17 kwenye Danfoss, L3-04 kwenye Yaskawa. Kwa feni ni rafiki mwema. Kwa mashine inayotakiwa kusimama mahali maalum ni tatizo, na kwa winchi ni hatari (tazama swali la winchi).

Nimefunga rezista, lakini bado inarefusha rampu au inakata. Kwa nini?

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye kazi za watu. Kidhibiti kilichotajwa juu kikibaki kimewashwa, huzuia volti zisifike kiwango cha kuamsha choppa ya breki (swichi inayopeleka nishati kwenye rezista), na rezista hukaa baridi bila kazi. Ukifunga rezista, zima kidhibiti: brA iwe nO, 2005 iwe 0, L3-04 iwe 0. Kwenye Danfoss lazima pia uiambie 2-10 kwamba kuna rezista.

Sababu ya pili: variateri yako haina choppa ndani. Saizi ndogo za Siemens V20, kwa mfano, zinahitaji moduli ya breki ya nje. Usiunge kamwe rezista moja kwa moja kwenye DC+ na DC-. Itawaka muda wote.

Hitilafu ya volti kupanda inakuja usiku tu. Mchana kila kitu ni sawa.

Pima volti zinazoingia usiku. Watu wakizima mashine na majiko, mzigo wa mtandao hupungua na volti hupanda. Zikifika 430, ndani ya variateri tayari mna karibu volti 608 kabla hujagusa breki. Nafasi iliyobaki hadi kikomo imepungua, na rampu iliyofaa mchana haitoshi tena. Weka rampu kwa kufuata hali mbaya ya usiku, na ikiwezekana mwombe mwenye kabini (kituo cha transfoma) abadilishe tapu, yaani hatua ya volti, ya transfoma.

## Rezista ya breki

Nichague vipi rezista?

Kuna namba tatu. Ya kwanza ni omu, na kitabu kinatoa kiwango cha chini kabisa. Ukishuka chini yake, choppa inaungua. Ukipanda sana, rezista haitameza nguvu ya kutosha. Choppa ikiwaka kwenye volti 750, rezista ya omu 60 humeza hadi kilowati 9.4, ambayo inatosha kwa kinu chetu cha mfano kinachosimama kwa sekunde 5.

Ya pili ni nguvu ya wastani. Jouli 23,000 kila dakika moja ni karibu wati 383 tu, hivyo rezista ya wati 500 inaweza kutosha kwa wastani. Ya tatu husahaulika: rezista hiyo lazima ivumilie kilele cha kilowati 9 kwa sekunde chache bila kupasuka. Omba jedwali la uvumilivu wake kabla ya kulipa.

Naweza kutumia nyaya za jiko la umeme?

Usitumie. Waya wa jiko umetengenezwa kwa volti 230 na kinga yake haikupimwa kwa DC inayokaribia 800. Omu zake hubadilika unapopata moto, na ukiwa baridi zinaweza kuwa chini ya kikomo. Tena hauna swichi ya joto. Choppa ikifa ikiwa imefunga, rezista yoyote itapokea umeme bila kikomo mpaka moto uanze. Ndiyo maana swichi ya joto ya rezista lazima iunganishwe na kontakta kuu, ili ikate umeme wote. Kuzima amri ya variateri hakutoshi, kwa sababu choppa iliyokufa haisikii amri.

Ifunge nje ya kabati, ukutani, mbali na mbao na vumbi la unga. Vumbi la mahindi hushika moto.

## Breki ya DC na breki ya mekaniki

Breki ya DC inaweza kuchukua nafasi ya rezista?

Kwa sehemu. Mkondo wa DC hutengeneza sumaku isiyozunguka ndani ya mota, na nishati hugeuka joto kwenye rota (sehemu ya mota inayozunguka) badala ya kurudi kwenye kapasita. Haileti hitilafu ya volti, lakini mota ndiyo inayokuwa rezista. Kazi yake nzuri ni mwishoni: rampu ishushe kasi hadi Hz chache, kisha DC imalizie kwa sekunde moja au mbili. Kwenye Siemens ni p1232 hadi p1234, kwenye Danfoss 2-01, 2-02 na 2-04, kwenye Mitsubishi Pr.10 hadi Pr.12. Kwenye mashine inayosimama kila dakika, pima joto la mota kwa mkono wako baada ya saa moja.

DC inaweza kushikilia mzigo wa winchi?

Haiwezi, na usimruhusu mtu akuambie vinginevyo. Mota ya asinkroni (ile ya kawaida ya fezi tatu) iliyosimama ndani ya sumaku ya DC haina nguvu ya kushika. Hupata nguvu pale tu inapoanza kuteleza. Mzigo utashuka polepole.

Winchi inahitaji breki ya mekaniki pamoja na rezista. Kilo 1,000 zikishushwa kwa kasi ya mita 0.2 kwa sekunde hurudisha karibu kilowati 2 muda wote wa kushuka, na kwa mita 20 hiyo ni sekunde 100 mfululizo. Kurefusha rampu hapa hakusaidii kitu, kwa sababu uzito hauchoki. Na kidhibiti cha volti, kikijaribu kujiokoa, kinaweza kuongeza kasi ya kushuka. Kizime.

Breki ya mota yangu haifunguki vizuri tangu niweke variateri.

Angalia inapochukua umeme. Kabla ya variateri, koili ya breki iliungwa kwenye kisanduku cha mota. Sasa hapo kuna volti ndogo wakati Hz ni ndogo, breki haifunguki, mota inasukuma dhidi yake na kitambaa kinaungua. Koili ipewe umeme wake kutoka mtandaoni kupitia rilei ya variateri. Kwenye Altivar kazi hiyo iko chini ya bLC, kwenye Siemens p1215. Ifunguliwe mkondo ukishajengeka ndani ya mota, ifungwe kasi ikikaribia Hz 1 hadi 3. Kwa winchi, kata upande wa DC wa rektifaya ya breki (kifaa kinachogeuza AC kuwa DC) ili breki ifunge haraka.

## Hali zisizo za kawaida

Feni inazunguka kwa upepo, na variateri inakata ninapoanzisha.

Variateri inaanzia Hz sifuri huku feni iko mbioni, hivyo inaifunga breki bila wewe kujua. Washa kuanza kwa kudaka kasi: FLr kwenye Altivar, p1200 kwenye Siemens, 1-73 kwenye Danfoss, b3-01 kwenye Yaskawa.

Pampu ya kisima niiwekee rampu ndefu ili isipige mabomba?

La, si kwa pampu ya kuzama. Beringi yake ya chini huelea juu ya utando wa maji unaojengwa na kasi. Franklin Electric, kampuni ya mota za pampu za kuzama, hutaka mota zake zifike Hz 30 ndani ya sekunde 1, na zishuke kutoka Hz 30 hadi sifuri ndani ya sekunde 1. Tumia rampu mbili kama variateri inaruhusu: ya haraka chini ya Hz 30, ya polepole juu yake. Pigo la maji lishughulikiwe juu ya Hz 30 na kwa valvu nzuri ya kuzuia maji kurudi.

Natumia jenereta. Breki itaiharibu?

Variateri ya kawaida hairudishi kitu kwenye jenereta, kama ilivyoelezwa mwanzoni. Shida ni kinyume chake: mzigo mkubwa mwingine ukizimwa ghafla, volti za jenereta huruka na kuongeza zile za DC. Variateri zinazorudisha nishati mtandaoni ni jambo jingine. Kama hakuna mzigo mwingine wa kuimeza, zitasukuma injini ya jenereta yenyewe. Mkanda wa mgodini unaoteremka na mawe ukiendeshwa kwa jenereta uwe na rezista.

Variateri yangu inaingia 220 ya fezi moja. Namba hizi zinafaa?

Mantiki ni ileile, namba ni tofauti. Ndani mna karibu volti 311, na choppa huwaka chini sana ya 750, kwa hiyo usichukue rezista ya mwenzako wa fezi tatu. Mota iliyoandikwa 220/380 iungwe kwa pembetatu (delta), kwa kuwa variateri hiyo hutoa fezi tatu za 220.

Je, urefu wa Goma na Bukavu kutoka usawa wa bahari unabadilisha kitu?

Ndiyo. Variateri nyingi huhesabiwa hadi mita 1,000, kisha hupoteza takriban asilimia 1 ya mkondo kwa kila mita 100, kwa sababu hewa nyepesi hupoza vibaya. Lubumbashi, karibu mita 1,200, ni asilimia 2. Goma na Bukavu, karibu mita 1,500, ni asilimia 5. Rezista nayo hupoa vibaya zaidi huko, kwa hiyo usinunue iliyo sawasawa na namba ya hesabu bila akiba.

Nimezima swichi kuu. Naweza kufungua sasa hivi?

Subiri. Kapasita hubaki na volti za kuua hata skrini ikiwa imezimika. Vitabu hutaja dakika 5 hadi 15 kulingana na mashine. Kisha pima DC+ na DC- kwa mita iliyowekwa DC, na usiguse hadi isome chini ya volti 42. Kama hazishuki, sakiti ya kutoa chaji imekufa: funga kifuniko, uandike onyo juu yake, na uipeleke kwa mtu mwenye vifaa vya kuitoa chaji.